Friji Lisiloota Barafu

Mjimwema, Njombe
5 Juni 1994

Nelly mwanangu,

Kamwene. Sisi huku ni wazima, isipokuwa friji. Limefariki jana wakati wa chai. Marehemu ni lile tuliloachiwa na mzungu wa misheni, na aliyemuua ni mama yako mzazi.

Unalijua lilivyokuwa. Barafu ilishaota humo ndani mpaka kile chumba cha juu kikawa pango la fisi. Jana kichupa kimoja cha dawa ya mama yako kikamezwa na barafu. Mama yako akachukua kisu cha kumenyea viazi, akachimba kama anatafuta dhahabu, mara tukasikia fsss, kama nyoka amekanyagwa. Fundi Dionis alikuja, akaliwekea friji mkono kifuani kama daktari, akatikisa kichwa. Hewa yote imetoka. Kichupa chenyewe tulipokipata kilikuwa jiwe, tukakitupa. Si unakumbuka manesi wa hospitali ya Ikonda walivyotuambia: dawa hii isipate joto na isigande, ikiganda imekufa.

Vichupa vilivyobaki mama yako ameviweka kabatini, chini ya vitambaa vya kwaya. Mimi roho haitulii. Kabati limepakana na jiko, na wewe unajua anavyowasha kuni kama anachoma tanuru la matofali.

Nitamwandikia mtani wangu Halfan wa Makambako anitafutie friji jingine. Tatizo ni mama yako. Hataki mtu ajue anajichoma sindano ya sukari. Anasema akina mama wa usharika wakijua wataanza kumnyang'anya kikombe cha chai mkononi na kumwangalia kwa huruma, na yeye huruma haitaki. Ameniapisha. Kwa hiyo Halfan nitamwambia friji ni la ulanzi wangu. Uongo huo ataumeza haraka kuliko ukweli.

Wafundishe vizuri hao watoto wa Igwachanya, wasije wakaishia darasa la nne kama mtu fulani.

Baba yako,
Anania Mtewele


Mjimwema, Njombe
6 Juni 1994

Kwa Halfan Ngonyani, mwizi wa ng'ombe mstaafu, Makambako.

Salaam aleikum. Nimekusalimu kwa dini yako usije ukasema Mlutheri hana adabu.

Mtani, nataka friji. Haya cheka, nakusubiri. Umemaliza? Najua utasema Mbena wa Njombe kununua friji ni sawa na chura kununua mwavuli. Lakini mimi nina shida ya kistaarabu. Ulanzi wangu ukilala unachacha, na mimi nataka ule wa Ijumaa niukute Jumapili baada ya ibada ukiwa bado na sukari yake. Friji letu la zamani Hulda amelichoma kisu likafa. Kesi haijafika polisi.

Nasikia siku hizi kila kitu ruksa na duka lako limejaa vyombo vya Dubai mpaka mlangoni. Mtu niliyefanya naye kazi kiwandani kwenye magome ya miwati, aliyekuwa analala nyuma ya boila akisema anasikiliza presha, leo ni tajiri! Basi nitafutie friji zuri. Malipo yako ni zile mbao za mlingoti ulizozililia kwa ajili ya paa la stoo. Zinakuja na lori la mbao wiki hii, na friji likifika usinicheleweshe.

Msalimie Tausi. Mwambie bado nashangaa alikukubali kwa sababu gani.

Mtani wako,
Anania


Makambako
11 Juni 1994

Kwa mtani Anania, mla viazi.

Barua yako Kasimiri kondakta ameniletea imekunjwa kama sambusa. Mbao nimezipata. Nne zimepinda kama mguu wako wa kushoto, lakini nimepokea.

Pombe ya mianzi ndani ya friji! Astaghfirullah. Halafu mnashangaa kwa nini babu zangu walipotoka kusini waliwakuta mmelala wakachukua ng'ombe kwa utulivu.

Sasa tuongee biashara. Usinunue tena friji la kuota barafu. Siku hizi kuna aina inaitwa nofrosti. Haioti barafu kabisa, hata ukae nayo mpaka uzeeke zaidi ya hapo ulipo. Hukwangui, hutii kisu, hutoi vitu vyote kutandaza sakafuni na kuweka beseni la kukingia maji. Nyama haigandamani na ukuta. Kila kitu unakiona mahali pake. Na kule chini baridi ni ileile usiku na mchana, haligandishi usichotaka kigande. Kwa mtu mvivu aliyeoa mwanamke mwenye kisu, ni zawadi ya Mungu.

Lipo moja jeupe, milango miwili, limetumika kidogo kwa Waarabu. Likipakuliwa Dar litapanda lori la rafiki yangu. Sema ndiyo.

Halfan


Njombe
15 Juni 1994

Mtani,

Nimemsomea Hulda barua yako akacheka mpaka akakaa chini. Lakini hatujakuelewa na tunataka majibu.

Kwanza. Friji lisiloota barafu, nitajuaje kama linafanya kazi? Lile la mzungu lilikuwa likiota barafu unajua lipo hai. Hili ni sawa na ng'ombe asiyetoa mavi.

Pili. Nimemuuliza fundi Dionis barafu yenyewe inakwenda wapi. Ananiambia ndani mle wameficha hita, kila baada ya muda inawaka na kuiyeyusha. Halfan! Unaniuzia friji lenye jiko ndani! Yaani linapoza, halafu linajipasha, halafu linapoza tena. Mtu akifanya hivyo si tunampeleka kwa mchungaji akaombewe?

Tatu. Dionis anasema pia lina feni, na upepo wake unakausha chakula. Ni kweli?

Nne ndiyo kubwa. Umeme wetu huja kama mgeni na kuondoka kama mwizi. Lile la zamani umeme ukikatika ile barafu ilishikilia baridi mpaka kesho yake. Hili lako litashikilia nini?

Ukinijibu bila uongo nitasema ndiyo. Hulda ameshasema ndiyo tangu ulipoandika halitiwi kisu. Na kule kutogandisha chini kumempendeza sana, sijui kwa nini.

Anania


Makambako
24 Juni 1994

Mtani,

Dionis ni fundi kweli, na mimi sikufichi. Hita ipo. Inawaka kidogo, inayeyusha, maji yanashuka kwa nyuma kwenye kisahani na kukauka yenyewe. Feni ipo. Ugali ukiuweka wazi kesho yake utaujengea msingi wa nyumba, kwa hiyo mwambie shemeji afunike kila kitu. Linanguruma kidogo. Linakula umeme kuliko la zamani. Na umeme ukikatika halina barafu ya kulisaidia: usilifungue fungue, basi. Hayo ndiyo mabaya yake yote, nimekutolea hadharani kama nguo za mtumba. Mazuri nilishakuambia. Pima mwenyewe.

Na sasa habari yenyewe. Friji limefika. Lipo hapa dukani, jeupe kama jino la mtoto.

Lakini, Anania, tangu nihamie Makambako hujawahi kutia mguu kwangu. Kila mwaka unasema viazi, kila mwaka unasema magoti. Mimi Tausi amechoka kusikia hadithi zangu za kiwandani, hazicheki tena, na hapa kila mtu ni mpita njia, anauliza bei anapanda basi. Kwa hiyo nimefanya kama walivyofanya wazee wangu. NIMELITEKA. Friji lako ni mateka wa Wangoni. Halitoki hapa mpaka uje mwenyewe kulikomboa na jogoo mmoja, mwekundu, mwenye sauti. Asiletwe na kondakta. Uje naye umemkumbatia, watu wote wa stendi wakuone.

Ukikasirika umevunja utani. Nakusubiri na birika la kahawa.

Halfan


Njombe
29 Juni 1994

Kwa shemeji Halfan,

Salaam. Huyu ninayekuandikia ni Hulda, mzee hajui. Yupo nje anaongea peke yake, anatunga namna ya kukujibu. Tangu upate wazo la kuteka friji nyumba hii haina amani. Anasema akija na jogoo, Wabena wote watakuwa wameshindwa, na yeye hawezi kuwa Mbena wa kwanza kulipa. Wewe unangoja aje, yeye anangoja uchoke. Mimi nimewekwa katikati.

Shemeji, nakuomba uliachie. Jogoo nimeshamfunga mguu kwenye nguzo ya jiko, ni mwekundu na kelele zake ni za kutosha. Nitamtuma na Kasimiri, wewe utasema Anania amekuja, mimi sitakusuta.

Halafu nina swali. Ndani ya friji hilo ni upande gani ambao haugandi kabisa, na joto haliingii? Nina kitu changu kidogo cha kuweka humo. Si ulanzi.

Msalimie Tausi, mwambie nimemkumbuka.

Shemeji yako,
Hulda


Makambako
3 Julai 1994

Shemeji yangu Hulda,

Barua yako nimeisoma mara nyingi, maana ina adabu, kitu ambacho mumeo hajanizoesha.

Jogoo kwa mkono wa Kasimiri sitampokea. Hii si habari ya jogoo. Mimi nataka kumwona huyo mzee kabla hatujaanza kusahau majina. Mwambie aje, atalala kwangu, kesho yake tunapakia friji pamoja tunakuja nalo Njombe, na mimi nitakula viazi vyako.

Hicho kitu chako kidogo ni nini? Kisichotaka joto wala kuganda! Ni mayai? Ni rangi ya midomo? Siri za akina mama mimi siingilii. Weka kwenye rafu ya mlangoni, pale pana vishimo vya mayai, hapagandi kamwe.

Na kwa kuwa mumeo ana kiburi, nitakufundisha dawa ya kungojea. Kiweke nje dirishani, shemeji. Mungu aliwapa Wabena friji la bure, kubwa kuliko mji mzima, halina feni, halina hita, na umeme haukatiki. Mnanunua la Dubai la nini?

Shemeji yako,
Halfan


Njombe
7 Julai 1994

Nelly mwanangu,

Mama yako amepata homa ya mafua ikapita. Viazi vya bonde la chini tunaanza kuvuna.

Friji lipo Makambako, limetekwa. Usicheke na wewe. Halfan anataka niende na jogoo kwapani. Nitakwenda, lakini siyo wiki hii. Namjua Mngoni yule, akiona siji ataona haya, atalileta mwenyewe, na hapo tutakuwa tumemshinda kwa mara ya kwanza tangu ng'ombe za babu.

Dawa usiwe na wasiwasi. Nimeona barua aliyomwandikia mama yako, wanaandikiana kwa siri kama wachumba. Humo amesema kitu chake akiweke nje dirishani. Yeye alikuwa anatania, hajui ni kitu gani, lakini nimewaza nikaona ni akili. Kabatini pale joto la jiko linaniudhi. Mama yako alisita, akasema sakitu je, umande ukiganda usiku? Nikamwambia mchana vitakaa dirishani kwenye lile kopo la maziwa, jioni nitakuwa naviingiza ndani mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu mpya, mchungaji wa vichupa. Basi amekubali.

Baba yako,
Anania


Igwachanya
12 Julai 1994

Shikamoo baba,

Nimeipata barua yako leo nikiwa darasani, nimeshindwa kuendelea na somo.

Baba, rudisheni dawa kabatini. Huku juzi sakitu imeanguka mpaka viazi vyote vya shule vimekuwa vyeusi kama vimepitiwa na moto. Huko kwenu si ndiyo zaidi?

Halafu nakuomba, mwambie baba mdogo Halfan ukweli. Mama atakasirika siku mbili, basi. Baba mdogo angejua, friji lingekuwa limeshafika kwa miguu yake mwenyewe. Nyinyi wawili mtaendelea na huo utani mpaka lini?

Ninakuja Jumamosi.

Mwanao,
Nelly


Makambako
18 Julai 1994

Kwa Anania, Mbena wa mwisho kusalimu amri.

Mateka wako anakusalimu. Ni mzima, ananenepa. Tausi amemtia soda na machungwa, na jana mteja mmoja wa Songea alitaka kumnunua nikamfukuza nikamwambia huyu ana wenyewe, wamekwenda kutafuta jogoo.

Umenyamaza sana. Najua unafanya nini, unanisubiri nione haya. Nakwambia kweli, nimeshaanza kuona, kidogo. Jana nimemwuliza mwenye lori anachukua nini kupeleka mzigo Njombe. Usijipongeze! Nimeuliza tu.

Ila kama siku hizi hunijibu kwa sababu nimekukera, sema. Mtu akinikera mimi humwambia. Wewe hunyamaza unatengeneza neno la kuchekesha, mpaka mtu hajui.

Shemeji ameweka wapi rangi yake ya midomo?

Halfan


Njombe
19 Julai 1994

Shikamoo baba mdogo,

Barua hii nimempa Kasimiri akuletee mkononi leo hii hii.

Mama amefariki jana alfajiri Ikonda. Alikuwa na kisukari, alikuwa anajichoma sindano, na hakutaka mtu ajue, hata wewe. Friji lilikuwa la kuwekea dawa. Sakitu iligandisha dawa ikiwa dirishani, kabla barua yangu ya kuwaonya haijafika, asubuhi jua likaiyeyusha na hakuna aliyejua, akaendelea kuitumia ikiwa haina nguvu. Nilipofika Jumamosi alikuwa anapumua kwa shida. Tulimkimbiza, Ikonda walihangaika naye siku nzima, wakashindwa.

Maziko ni kesho kutwa saa nane mchana, hapa nyumbani.  Baba tangu tumerudi anasema tu mtani aje.

Mwanao,
Nelly Mtewele


Makambako
14 Agosti 1994

Ndugu yangu Anania,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Sijazoea kukuandikia bila kukutukana.

Nilikuja na friji lako kwenye lori, uliliona. Nililifunga turubai kama maiti. Nilifika watu wanachimba, nikachukua jembe, na watu wako wakasimama kando wakinipisha, wakaningojea. Walikuwa wanajua kazi ya mtani. Nilitakiwa nilale mle kaburini niseme sitoki mpaka Wabena wanilipe. Nilitakiwa nivae kitenge chake nitembee kama yeye, nimuulize anakwenda wapi ameniachia huyu mzee mwenye mguu uliopinda. Wazee wako walinitazama, akina mama wa kwaya waliacha wimbo wakanisubiri. Nikachimba tu. Nikatoka nikafuta mikono. 

Nitakwambia kwa nini. Yule mama aliniuliza wapi pasipoganda. Aliniuliza kwa mkono wake, kwa adabu, na mimi nikamwelekeza nje kwenye sakitu nikacheka. Barua ile nimeiandika mimi, Anania. Friji lilikuwa hapa nyuma ya kiti changu, linanguruma. Lilikuwa na soda.

Ningewezaje kumtania?

Niambie chochote. Hata tusi.

Halfan


Makambako
11 Septemba 1994

Anania,

Kasimiri ananiambia anakuona stendi umekaa kwenye benchi, humsalimii, hupandi basi, unaondoka. Kama ulikuwa unakuja kwangu, njoo. Kama unakuja kunipiga, njoo pia.

Halfan


Njombe
2 Oktoba 1994

Kwa Halfan Ngonyani, boila iliyozimika.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nalisoma friji lako. Sasa nimelimaliza, na ninatoa hukumu.

Uliyoandika yote ni kweli. Barafu halioti. Nimelifungua asubuhi, mchana na jioni nikitafuta hata chembe, hakuna. Feni yake inanguruma usiku kama mtu anayelala chumba cha pili, na mimi nimezoea, nalala kwa sauti hiyo. Ugali niliusahau humo bila kufunika, nikautumia kuzuia mlango. Umeme ukikatika linalegea mapema kuliko lile la mzungu, hapo Dionis alisema kweli na wewe hukubisha. Rafu ya mlangoni haigandi. Vile vishimo vya mayai nimeviacha vitupu. Lina mabaya machache na mazuri mengi, na mimi nalichukia kama mkwe asiyekosea.

Sasa nisikilize, maana jambo hili nitaliandika mara moja.

Daktari aliniambia siku ile pale Ikonda, nimesimama nje na viatu vya Hulda mkononi, kwamba kwa baridi yetu ya Njombe dawa ile ingekaa kabatini tu, chini ya vitambaa, na isingeharibika mpaka inakwisha. Kabatini, Halfan. Mahali alipoiweka mwenyewe toka mwanzo. Friji halikuhitajika. Huenda hata mara ya kwanza manesi walituambia, lakini mimi nilikuwa nawachekesha manesi. Kwa hiyo kukaa kwa friji nyuma ya kiti chako hakukumpunguzia kitu. Lingefika siku ileile au lisingefika, ilikuwa mamoja. Soda ulizokunywa ulikunywa kwa haki yako.

Na habari ya dirisha. Barua yako ilipofika, kopo lilikuwa dirishani tayari. Mimi nililiweka, siku nyingi kabla. Tuliposoma maneno yako Hulda alicheka, akasema tazama, Mngoni naye amefikia akili ya Mbena. Basi. Usijipe ukubwa usio wako. Hata kuharibu mnataka mniibie?

Hayo yameisha. Lakini deni lako lipo, na siyo hilo unalolihesabu wewe.

Hukumtania Hulda. Hilo ndilo lililokuwa linanipeleka stendi na kunirudisha. Amekaa kwenye ndoa na mimi miaka yote anacheka, halafu siku yake mwenyewe amezikwa kimya kama karani aliyehamishwa. Akina mama wa kwaya waliimba vizuri, mchungaji alihubiri vizuri, na mimi nilikuwa nasikilizia jembe lako tu, nikisema sasa atalala, sasa atalala. Ulipotoka ukafuta mikono nikaona sasa kweli amekufa.

Mwisho wa mwezi huu tunamjengea kaburi na kuweka msalaba. Njoo. Usije na mkono wa rambirambi, ulishautoa. Njoo na mdomo. Kitenge chake chekundu Nelly amekitunza. Lala pale juu, dai malipo, tukane ukoo wangu wote mpaka mchungaji akimbie. Mwambie mpuuzi wake amebaki na friji la milango miwili na hajui kupika. Ukishindwa kusema, kaa tu pale chini nitakuanzishia mimi.

Jogoo bado yupo kwenye nguzo ya jiko. Hulda alikataza asichinjwe, alisema ni mali ya Wangoni. Ananiamsha kila alfajiri kwa kelele na nimekuwa namtukana kwa jina lako. Umchinje mwenyewe, kwa dini yako, tumle sote.

Umeshinda, Mngoni. Ninalipa.

Mtani wako,
Anania


Njombe
3 Oktoba 1994

Nelly mwanangu,

Baba yako mdogo atakuja kwenye msalaba. Fua kile kitenge.

Nakuomba jambo moja tu. Barua yangu ile ya Julai, niliyokuandikia habari ya dirisha, ichome. Halafu ukikaa naye na akakuuliza, maana atakuuliza, mwambie kopo lilikuwa dirishani kabla ya barua yake. Useme bila kusita, kama unafundisha darasa.

Siyo uongo mkubwa. Jioni ile ya sakitu ilikuwa kazi yangu kuviingiza vichupa. Nilikuwa nimekaa mezani na kalamu, natafuta neno la kumshinda Mngoni, na nililipata. Lilikuwa zuri sana, nikacheka peke yangu mpaka mama yako akauliza kutoka chumbani kuna nini. Nikamwambia lala, utalisikia kesho.

Dirisha ni langu, Nelly. Usisahau.

Baba yako